Koki, Panya Wake na Koo la Nzuki

Mimi sina subira na mwanamume mgonjwa, na hilo simfichi mtu. Mwanamke akiumwa anafua huku anaumwa. Mwanamume akiumwa, nyumba nzima inalala kitandani pamoja naye. Lakini Nzuki sikuweza kumkasirikia hata nilipotaka. Pale mtaani Kaloleni tulitenganishwa na ukuta mmoja tu, na kila alipojaribu kumeza uji nilimsikia.

Alikuwa karani wa reli, mtu wa shati jeupe na viatu vilivyopigwa rangi. Mkewe, Koki, ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Koki alikuwa na kazi ambayo mtaa mzima ulishindwa kuielewa: alilisha panya. Si hawa wetu wa mtaroni. Walikuwa panya weupe wadogo, macho mekundu, waliofugwa kwenye masanduku ya waya katika maabara moja ng'ambo ya reli, upande wa viwanda, Industrial Area, ndani ya jengo lililokuwa ghala la magunia.

Daktari wa pale, Phares, alitaka kujua kama vitamini zinaweza kumkinga mtu asishikwe na kansa. Huwezi kumtia mtu kansa kisha ukae ungoje, kwa hiyo walitiwa panya. Walinyolewa mgongo, wakapakwa dawa mbaya inayootesha uvimbe. Wengine walichanganyiwa vitamini katika chakula, wengine wakala chakula kitupu. Koki aliwalisha, akawasafishia masanduku, akawatazama migongo kila siku. Jioni alinawa bombani mpaka viwiko kabla hajamgusa mwanawe Matheka, nasi tukamchokoza.

"Mama Matheka, hao wako hawajambo?"

"Wananenepa kuliko waume zenu."

Ni yeye mwenyewe aliyeleta ile habari nyumbani, mwaka wa themanini na moja. Alikuwa na furaha siku hiyo. Alituambia bombani, akamwambia na mumewe mezani: wale wanaokula vitamini, wengi wao migongo bado ni safi. Alisema tu jinsi mtu anavyosimulia kazi yake. Hakujua kwamba koo la Nzuki lilikuwa limeshaanza kukataa ugali, na kwamba mwenyewe alikuwa akificha.

Nzuki alipofika kushindwa hata na mkate uliochovywa kwenye chai, Koki alimkokota hospitali kubwa. Wakamkagua, wakamwambia ni kansa ya koo. Wakamwambia pia kwamba bado nafasi ipo, aje Alhamisi ya wiki inayofuata aanze kupigwa miale kwa mashine. Asipokuja, nafasi yake atapewa mwingine, na foleni ilikuwa ndefu.

Nzuki alirudi akakaa kwenye kiti chake, hata koti hakuvua. Mimi nilikuwa pale, nimewapelekea maziwa.

"Kwenye mashine siendi," akasema. "Inachoma watu. Wewe niletee ile ya panya."

"Baba Matheka, ile si ya kutibu. Ni ya kukinga."

"Si ulisema wanapona?"

"Sikusema wanapona. Nilisema hawashikwi."

"Sasa hapo tofauti ni gani?"

Tofauti ni kubwa, lakini jaribu kumweleza mtu aliyebakiwa na uji peke yake. Mfa maji haachi kutapatapa. Kinga ni bora kuliko tiba, tunaambiwa tangu shuleni, ila hakuna anayetuambia la kufanya kinga ikishapitwa na wakati. Nzuki aligeuza uso ukutani, akaacha kumjibu mkewe salamu.

Ijumaa akafika mama yake kutoka Machakos, Mama Nzembi, na kikapu na mdomo wake. Alipopewa habari hakulia. Alisimama mlangoni ili sote tusikie.

"Panya wanakula dawa, mwanangu anakunywa maji. Hii ni ndoa gani?"

Kisha akatoa hukumu. Kama ile dawa haitakuwa imeingia nyumbani kufikia Jumatano, siku hiyo hiyo anapanda basi na mwanawe, kwani kuna mganga wa mizizi kule nyumbani. Nzuki alikubali kwa kichwa. Nilishaona watu wakipelekwa nyumbani namna hiyo, na sikumwona hata mmoja akirudi.

Mambo yalizidi kuwa magumu kwa sababu vitamini zilikuwa kwenye stoo ya maabara, na ufunguo wa stoo Koki aliuvaa shingoni. Mtaa mzima ulijua. Jumamosi nilimkuta anasugua sufuria ambayo ilishang'aa zamani.

"Mama Chege," akaniambia bila kuinua kichwa, "nikimletea, ataacha hospitali, atakufa akinishukuru. Nisipomletea, atapelekwa Machakos, atakufa akinilaani."

Niliona mkono wake mmoja umeacha sufuria, umeushika ule ufunguo, na nikaogopa. Niliogopa ataiba, na niliogopa hataiba.

Jumapili baada ya kanisa alibisha mlangoni kwangu. Nzuki alikuwa nyuma yake, amevaa koti, amekonda mpaka kola inamzunguka shingo.

"Nishikie mkono wake huu," Koki akasema. "Twende kazini kwangu. Panya hawajui Jumapili."

"Unampeleka kufanya nini?"

"Kuona."

Nzuki alidhani anaenda kupewa. Nilijua kwa jinsi alivyojikaza kuvuka reli, akipumzika kila baada ya hatua chache, lakini akikataa kukaa. Mgeni hakuruhusiwa kuingia jengo lile, hilo nalo nililijua. Askari wa lango, Hashi, alimtazama Koki, akamtazama mgonjwa, kisha akapata ghafla kazi ya kufagia upande wa pili.

Ndani palinuka mkojo na unga wa mbao. Masanduku yalipangwa kwenye rafu tatu ndefu. Koki hakwenda stoo. Alimsimamisha mumewe mbele ya rafu ya kwanza.

"Hawa hawapewi kitu. Tazama migongo."

Nilitazama na mimi, nikajuta. Vinundu vilikuwa vimeota kwenye ngozi iliyonyolewa, vingine vimepasuka.

"Hawa wa katikati walianza vitamini kabla hawajapakwa ile dawa mbaya."

Migongo mingi ilikuwa safi. Nzuki alishika waya kwa vidole vyote. Macho yake yaliwaka, na sijamwonea mtu huruma kama nilivyomwonea yeye saa ile.

"Si ndiyo hii, Koki! Si ndiyo hii unaninyima?"

"Ndiyo hii. Sasa njoo hapa."

Akamvuta mpaka rafu ya tatu.

"Hawa pia wanapewa. Vitamini ile ile, kutoka chupa ile ile. Ila wao walianza vitamini baada ya uvimbe kutoka."

Nzuki aliinama. Migongo ilikuwa kama ile ya rafu ya kwanza. Panya mmoja alilala ubavu, anahema, na chakula chake kiko mbele yake hakijaguswa.

"Wanapewa kila siku?"

"Kila siku. Kwa mkono wangu."

Nzuki aligusa waya wa sanduku lile. Kisha akasema, polepole, "Mimi ni wa huku."

Machozi yalikuwa yanamtoka Koki bila sauti, na hakuyafuta.

Hapo ndipo tuliposikia mlango. Daktari Phares alikuwa amekuja kuchukua vitu vyake, akakuta umati kwenye panya wake. Alikasirika mpaka miwani ikateleza puani. Alisema kazi ya mwaka mzima inaweza kuharibika kwa kikohozi kimoja, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Koki alisimama wima akakiri: mgeni ni mume wangu, nimemleta mimi, stoo sijaigusa.

"Nipe ufunguo," daktari akasema. "Usije tena mpaka nikuite."

Koki aliuvua shingoni akampa. Ndipo Nzuki, ambaye kuongea kulimuuma, akamshika daktari mkono wa koti.

"Daktari, hawa wa katikati. Mimi basi. Lakini watoto wangu bado ni wa katikati. Wape wao."

Yule daktari alipoa. Aliivua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mzee, nikisema najua, nitakuwa nimekudanganya. Panya si watoto. Na hii ikizidi ni sumu, kuna tuliowaua nayo. Wape mboga za majani, wape karoti, wape maembe. Zaidi ya hapo, bado ninatafuta." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na wewe nenda hospitali."

Mimi huuza mboga, kwa hiyo siku nyingine ningecheka kwamba nimetangaziwa biashara bure. Siku hiyo hata sikuwaza.

Jioni ile Nzuki alitoka kitandani akakaa mezani na watoto. Koki alikuwa amepika sukuma wiki na karoti, vyakula ambavyo mwanamume yule zamani aliviita vya sungura. Nzuki mwenyewe alikuwa na kikombe chake cha uji. Mtoto akiacha jani kwenye sahani, alilinyooshea kidole mpaka liliwe. Mama yake alipoanza tena habari ya basi, Nzuki alimjibu kwa Kikamba, maneno machache, na mimi nikiwa mlangoni nilielewa: utakwenda peke yako, mama.

Alhamisi niliwasindikiza. Tulikaa kwenye benchi refu nje ya chumba cha mashine. Koki alikuwa ameweka mkono juu ya goti la Nzuki. Daktari Phares hakuwa bado amemwita Koki kazini.

"Koki," Nzuki akasema, "leo panya wamelishwa na nani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Baba Matheka. Mimi niko hapa."

Alimtazama sana. Mlango ukafunguliwa, jina lake likaitwa, naye akavua koti, akamwekea mkewe mapajani, akaingia.