Mgongoni kwa Mkwe

Mke wangu alisema mapema, wala hakuzunguka: "Mama yangu ana magoti. Mpeleke sokoni akaone watu, inatosha." Nikamjibu kwamba wazee hawakutoka Mkata kuja kuangalia nyanya. Nilitaka wanangu waingie msituni na babu na bibi yao, waone mbega, wapige picha. Kusema kweli picha nilizitaka mimi.

Wakwe zangu walikuwa wamekuja kwetu Masuguru likizo hii iliyopita. Baba mkwe ni mtu wa maneno. Siku ya kwanza tu alishamwita binti yangu wa miaka saba mchumba wake na kumdai chai. Mama mkwe ni mwingine kabisa. Ameshika ukwe wa kizamani wa Kizigua: mimi simpi mkono, sikai naye mkeka mmoja, sili mbele yake. Shikamoo yangu anaiitikia, lakini akiwa na neno na mimi hulipitisha kwa mtoto, hata kama nimesimama hapo hapo. "Mwambie baba yako mvua inakuja, aanue nguo." Nami namjibu kupitia mtoto huyo huyo. Wageni hucheka, sisi tumezoea.

Basi mke wangu akaenda kazini, sisi tukapanda Noah mpaka Dindira, tukavuka mashamba ya chai, tukaingia msituni. Mimi mbele, simu mkononi. Baba mkwe alifuata na kitindamimba wangu, na nyuma kabisa bibi na mjukuu wake wa kike. Baridi ilikuwa kali, na yule mama wa nchi ya joto alikuwa amejitanda kanga mbili juu ya sweta la binti yake.

Binti yangu akanikimbilia. "Baba, bibi anasema turudi."

"Umechoka wewe."

"Si mimi, bibi!"

Nikacheka. Mtoto huyu, bwana! Wiki hiyo hiyo alikuwa amekwenda dukani na "mama anasema nipewe biskuti", mama mwenyewe hana habari. Nikamwambia akaze mwendo, mbega wako hapo mbele. Akarudi tena: bibi anasema goti linamuuma. Hapo nikafoka. "Acha kumsingizia bibi! Kama umechoka sema umechoka!"

Nilifoka kwa sauti, na mama mkwe alisikia. Angesemaje na mimi? Lakini ningeweza kugeuka tu nikaona anavyotembea. Sikugeuka. Mkwe hamkodolei mama mkwe macho, na siku ile heshima hiyo ilinifaa sana, maana nilikuwa na haraka zangu.

Kwenye kijito chenye mawe ya utelezi nikasikia "Yarabi!" na mtoto akapiga yowe. Mama mkwe alikuwa chini, nusu majini, goti limepinda. Lilianza kuvimba tunaliona. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo walivyosema wahenga. Hawakusema kwamba guu lenyewe linaweza kuwa la huyo mkuu.

Ukungu ulikuwa unashuka, na simu yangu ya picha haikuwa na mtandao. Baba mkwe alijaribu kumwinua mkewe, mgongo ukamkatalia, akakaa chini na kuhema. Yule mama akatutazama sote, akapiga magoti, akaanza kutambaa. Na goti lile! Mama wa watu anatambaa kwenye matope mbele ya wajukuu zake, kisa mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma.

Nikachutama, nikampa mgongo. "Mwambie bibi apande."

Binti yangu alikuwa analia. Bibi akasema, "Mwambie baba yako hapana."

Mvua ikaanza. Kitindamimba alikuwa anatetemeka, midomo imebadilika rangi. Baba mkwe akasema polepole, bila mzaha hata kidogo, "Mama, tutawaua watoto. Panda."

Akapanda. Alijifunika kanga uso mzima. Alikuwa mwepesi, na njia nzima nilisikia kifua chake kikitikisika mgongoni mwangu. Analia, wala hatoi sauti. Niliapa moyoni kwamba tukifika nyumbani nitamwomba radhi mbele ya watu wote, kama inavyopasa.

Nyumbani mke wangu alimkanda mama yake kwa maji ya moto. "Mmemshushaje huko na goti hili?" akauliza.

"Babu yao kanibeba," mama mkwe akajibu.

Baba mkwe, aliyekuwa ameegemea ukuta na mto kiunoni, akatikisa kichwa. "Nimembeba. Mnanionaje?"

Binti yangu akafungua mdomo. Bibi akamvuta karibu, akamlaza kichwa pajani kwake. Mke wangu akaliangalia shati langu, matope yamejaa mgongoni, kisha akarudi kukanda goti na asiulize tena.

Mimi nilikuwa nimechutama mlangoni, radhi iko mdomoni. Nikaelewa kwamba nikiitamka nitakuwa nimembeba mara ya pili, safari hii mbele ya mwanawe. Nikaimeza. Wamesharudi Mkata, goti bado linamsumbua, na kila nikipiga simu kuulizia hali yake ndugu wa huko wananiambia pole sana, tumesikia ilibidi mzee ambebe.