Bwana wa Ukuta wa Kibla

Tarishi wa ofisi yetu ya serikali mjini Chake Chake hakuigusa ile picha mpaka atawadhe na kujifuta vidole kwenye kanzu. Ilikuwa sura ya waziri wa Kiingereza, aliyechorwa miaka mia tatu nyuma, mashavu mekundu, kola ya lesi, katundikwa ukuta wa kibla. Mzee hasali mbele ya sura ya mtu. Basi kila adhuhuri humgeuzia uso ukutani, akinong'ona, “Niwie radhi, bwana mkubwa,” na akishasali humrudisha.

Disemba ile ya 1963, bendera ya Mwingereza ishashushwa, alimgeuza bila kuomba radhi. Akasali, akakunja msala, akashika njia.

“Mzee, umemsahau bwana mkubwa!” nikamwita.

Akacheka, sauti ikajaa ofisi nzima.

“Nimemgeuza miaka yote, mwanangu. Sasa ageuke mwenyewe!”