Sauti Iliyoungua Kabla ya Kuvuka Bonde

Nakurekodia sauti hii kwenye simu, mwanangu, kwa sababu ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani hata sasa ninaposahau majina ya majirani. Imenirudia tangu Ijumaa ile ulipotoka Kibaha ukanijia hapa Mlandizi, ukafungua buti la gari na kunionyesha sabufa iliyoungua. "Shangazi, spika za siku hizi feki tu," ukasema. Sikukubishia, nikakumiminia chai. Lakini nilikiona kijiwaya chembamba kilichotoka mbele ya gari mpaka kwenye amplifaya, na moyo wangu ukarudi Mzenga kwa mama yangu, bibi yako ambaye hukumwona.

Ilikuwa siku ya harusi yangu, miaka ile tulipohamia kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Mama hakuhamia nasi. Miguu ilikuwa imemkataa, akabaki kwa mjomba, kwenye kilima cha ng'ambo ya bonde, nasi tukawa tunavuka kila mara kumpelekea unga na kumsuka nywele. Bondeni palikuwa na kijito ambacho wakati wa kiangazi unakivuka bila kuvua kandambili. Wiki ya harusi mvua ilinyesha mfululizo, kijito kikawa mto, na hakuna mwanamume aliyethubutu kutia mguu.

Mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la mkonge huko Tanga, na ruhusa yake ilikuwa inaisha. Kesho yake alfajiri ilikuwa lazima tuondoke. Na kwetu, mwanangu, bibi harusi haondoki bila kumwomba mama yake radhi. Si jambo la kumtuma mtu. Unapiga magoti, unasema kwa mdomo wako, naye anakujibu kwa mdomo wake. Basi mimi nilikuwa naolewa huku nalia, na wanawake walidhani nalia kama kila mwali anavyolia.

Aliyejua ninachokililia ni baba yako, Saidi. Kaka yangu huyo alikuwa kijana mwenye haraka, mwembamba, mikono haitulii. Akanijia mlangoni akaninong'oneza, "Zuhura, mama atakusikia leo. Niachie mimi."

Alikuwa ameiona mashine ya Mzee Kondo. Mzee huyo alitoka hapa hapa Mlandizi, na kazi yake ilikuwa kupiga muziki kwenye harusi. Alikuwa na pikapu ya kijivu, na ndani yake amplifaya iliyotumia betri ya gari, maiki moja, na spika moja ya bati yenye mdomo mpana kama ua la boga. Ile spika ikifunguliwa, watu wa vitongoji vya mbali walijua nani kaoa. Saidi akateremka mpaka ukingoni mwa maji, akapiga kelele hadi mkulima mmoja wa upande wa pili akamsikia: mama atolewe nje alasiri, binti yake ataongea naye kutoka kilima cha upande wetu.

Somo yangu, aliyenifunda, alipoambiwa alishika kiuno. "Bibi harusi ashike maiki? Anagombea udiwani?" Wanawake wakaangua kicheko. Halafu akanitazama usoni, kicheko kikamwisha, akachukua kanga akanifunika mwenyewe. "Haya, twende mwanangu. Mama ni mama."

Pikapu haikuweza kupanda kilima kwa tope. Mzee Kondo alikuwa msikitini na wazee wengine, na Saidi hakuwa na subira ya kumngoja, kwa sababu wingu lilikuwa linajikusanya tena. Amplifaya, spika na maiki akavibeba mpaka juu. Betri ilikuwa nzito, akaiacha garini kule chini. Akaunganisha waya, vipande kwa vipande, waya mwembamba wa kengele aliouokota sijui wapi, kutoka kwenye betri mpaka kule juu tulikosimama. Taa ya mashine ikawaka, nyekundu hafifu. Alifurahi kama mtu aliyekwisha kushinda.

Mwanangu, nilimwona mama. Walikuwa wamemtoa na kitanda chake cha kamba mbele ya nyumba ya mjomba. Kwa mbali alikuwa doa jeupe tu, lakini doa lile nililijua. Nikapiga magoti kwenye nyasi mbichi, nikashika maiki.

"Shikamoo mama," nikasema.

Sauti ikatoka nyembamba, haikufika hata chini ya kilima. Saidi akazungusha kidude cha sauti kidogo. Nikarudia. Bado. Akazungusha tena, akazungusha mpaka mwisho kabisa, pale ambapo kidude hakiendi mbele. Hapo sauti ikawa kubwa kweli, lakini haikuwa tena sauti yangu. Ilikuwa inakwaruza, inapasuka. Somo akaziba masikio. Mimi nikaendelea tu, nikasema, "Mama, naondoka, naomba radhi zako," na kabla sijafika mwisho tukasikia harufu ya kuungua, spika ikalia mlio mmoja mkali, ikanyamaza.

Nilitupa maiki nikaita kwa koo langu. Niliita mpaka nikakauka. Upande wa pili hakuna aliyeinua mkono. Manyunyu yakaanza, nikawaona wanaume wawili wananyanyua kitanda na kumrudisha mama ndani. Mpaka leo nikifumba macho naliona lile doa jeupe linavyoingia gizani mlangoni.

Mzee Kondo alitukuta pale pale, ametoka kuswali, kanzu kaikunja mkononi isipate tope. Nilidhani atapiga kelele kwa ajili ya spika yake. Aliinama, akaushika ule waya wa kengele.

"Saidi, ushike huu."

Saidi akaushika, akauachia haraka. Ulikuwa wa moto.

"Nguvu zote zimeishia humu njiani," mzee akasema. "Mashine ina njaa, wewe unaifokea iimbe. Ikikosa chakula haiimbi, inapiga mayowe, na hayo mayowe ndiyo yaliyoichoma spika."

"Nilitaka mama asikie, mzee."

"Najua. Ungeningoja, tungebeba betri wote wawili tukaiweka hapa hapa, waya mnene, mfupi. Na hicho kidude usingekifikisha hata nusu. Angesikia kila neno." Kisha akanigeukia mimi. Alivua kofia yake, akaishika mkononi hadi tulipoteremka.

Tukaondoka alfajiri. Maji yalipopungua, baba yako alivuka akamweleza mama yote niliyokuwa nimeyasema. Mama akatoa radhi zake kamili, akamwagiza anifikishie, naye alinifikishia neno kwa neno. Lakini alinieleza pia, kwa kuwa hakujua kuficha, kwamba mama alimwuliza, "Ile kelele ndiyo mwanangu? Mbona sikumtambua?" Kabla mwaka haujaisha nililetewa habari za msiba. Nilipofika Mzenga kijito kilikuwa kikavu, nikavuka kwa miguu yangu mpaka penye kitanda kitupu. Radhi nilipata, mwanangu. Sauti yake ikinipa radhi sikuisikia, na hiyo ndiyo ninayoitamani nikiwa peke yangu jikoni, wakati mwingine nageuka kama nimeitwa.

Baba yako alimfuata Mzee Kondo hapa Mlandizi akajifunza kazi, na baadaye akafungua kibanda chake cha ufundi kule sokoni. Nilipofiwa na mume nikarudi kutoka Tanga, nikawa nakaa naye pale nikichambua mchele. Namkumbuka anavyoinamisha kichwa, sikio karibu na spika, vidole vinazungusha kidude polepole mno hata wateja wanamtania, "Fundi, unafungua redio au unafungua kidonda?" Mteja akileta spika iliyoungua hakuitazama spika kwanza. Aliuliza, "Waya wako uko wapi?" Alitutoka ukiwa bado shule ya msingi, hakuwahi kukukalisha akufundishe, na hilo nalo linaniuma. Kwa hiyo nakusemea mimi, kwa maneno niliyoyasikia kibandani mpaka yakaniingia.

Ng'oa hicho kijiwaya. Weka waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake ikae karibu na betri, ili waya ukichubuka popote gari lisikuwakie moto. Waya wa hasi nao uwe mnene vilevile, mfupi, ufungwe kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae, maana ukiufunga juu ya rangi na kutu umeinyima mashine chakula upya. Usiifungie spika nyingi kuliko ilivyoandikiwa. Halafu kile kidude mafundi wenu wanachokiita geini, mwanangu, si cha kuongeza kelele. Anza nacho chini kabisa. Weka wimbo unaoujua vizuri, panda na sauti ya redio mpaka karibu na juu, pale unapoishia siku zote, kisha fungua geini kidogo kidogo huku unasikiliza. Ikianza tu kukwaruza, rudi nyuma mpaka isafike, na urudi nyuma kidogo tena. Pakishatosha, acha. Ukitaka zaidi ya hapo nunua mashine kubwa zaidi, usiikamue hii ndogo.

Nakujua, utasema shangazi anajifanya fundi. Sema. Masufuria yangu yamekwisha kutikisika vya kutosha kila unapoingia uani, nina haki ya kusema.

Nawe usingoje mambo yaharibike ndipo uulize. Baba yako alikuwa na mapenzi mengi na haraka nyingi, na kilichotakiwa siku ile kilikuwa ni kumngoja mzee mmoja amalize sala. Ukiwa na neno la kumwambia mtu, mfuate ungali unaweza kumfikia, umwambie taratibu, akutambue kuwa ni wewe.

Jumapili uje, gari liache, upande basi. Nataka ukae mbele yangu nikusikie vizuri. Lakini nisije nikachelewa na mimi, basi nalisema sasa hivi kwa mdomo wangu mwenyewe: mwanangu, mwana wa Saidi, nakupa radhi zangu zote. Mungu akulinde barabarani, akujalie riziki ya halali na watoto watakaoijua sauti yako hata wakiisikia kwa mbali.