Mama Mkwe Ananichimbia Mtaro kwa Sababu ya Kompyuta Iliyokufa

Mhariri, jina langu lifiche, na la kijiji pia. Andika tu Kilungu, Kilungu ni kubwa. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na minane, nina mke na watoto watano. Shule niliachia darasa la sita, lakini darasa la sita la wakati wetu si hili la siku hizi. Wapwa wangu wako sekondari na bado wananiletea barua zao za Kiingereza nizikague.

Nilikuwa dereva wa meneja mmoja huko Nairobi. Ofisi ilipofungwa wengine walipewa viti, mimi nikapewa kompyuta ya kubeba, ile inayokunjwa kama sanduku, nzito kama mtoto wa mbuzi. Ilikuwa imeshatumika miaka mingi kabla yangu, na mimi nikakaa nayo mingine mingi. Nataka mjue ilikuwa mashine ya aina gani. Ilianguka kutoka juu ya lori pale Emali, lori la nyuma likaikanyaga, nikaipangusa vumbi ikawaka. Nyuki waliingia ndani wakajenga, ikaendelea kuandika, na asali nikala. Betri yake ilipokufa nikaiunganisha na betri ya gari. Herufi K ilipong'oka nikabandika kifungo cha shati. Hata walioiunda hawakujua ingefika umri ule.

Kwetu tuna mwethya, kikundi cha kazi. Kila wiki tunaingia shamba la mtu mmoja, tunachimba mitaro ya fanya juu ili mvua isibebe udongo, kila mtu na sehemu yake iliyopimwa kwa fito. Wengi ni akina mama. Niliporudi nyumbani na ile mashine wakanifanya karani: nani amekuja, nani amechelewa, zamu inayofuata ni ya nani. Na karani hachimbi. Wao wako kwenye jua, mimi niko kwenye kiti chini ya mwavuli, betri miguuni, napiga herufi. Niliwaambia mkono wenye udongo ukiikaribia itazima. Hakuna aliyeisogelea.

Mwaka jana kioo kikaanza kuingia weusi kwenye kona, kama wino uliomwagika, ukatambaa hadi ukakifunika chote. Nilijaribu kila kitu, hata kuianika juani kama mahindi. Ikafa. Ningesema ukweli siku hiyo, mambo yangeisha. Lakini siku ya mwethya ilipofika nikajikuta nimebeba kiti, mwavuli, betri na ile maiti. Mtu akiniuliza zamu, napiga herufi, naangalia kioo cheusi, halafu namjibu kutoka kichwani. Sijakosea hata mara moja, maana kichwa changu nacho si cha kawaida. Mama mmoja aliuliza mbona siku hizi hailii ile milio yake. Nikamwambia kompyuta ikikomaa hunyamaza. Wakaitikia kwa vichwa.

Sasa, mama mkwe wangu yuko katika mwethya hiyo hiyo. Ni mjane, na umri umeenda. Sisi Wakamba tuna nthoni, heshima ya mtu na mama mkwe wake: hatupitani njiani, hatukai pamoja, hatuongei uso kwa uso. Akiniona huku, anazungukia kule. Siku moja nilikuwa nimeweka kiti karibu na njia, kwa hivyo kwa kuniheshimu akapanda juu kabisa ya shamba ili apite nyuma yangu. Ni heshima iliyomfikisha pale. Mimi napiga herufi kwa bidii, nikaona kwenye kile kioo cheusi sura yangu, na juu ya bega langu kilemba cheupe. Kilemba kikasimama. Kisha kikaenda. Sikugeuka. Nthoni hairuhusu, na hata ingeruhusu, ningegeuka na macho gani?

Wiki iliyofuata alimaliza sehemu yake, akachukua fito, akapima nyingine kando yake, akaanza kuchimba. Mwenyekiti akamuuliza hiyo ni ya nani.

"Ya karani. Mkono wake unauma."

"Unauma na anapiga hiyo mashine kama mtu anakanda chapati?"

"Kila mtu na ugonjwa wake, mwanangu. Chimba."

Wakacheka. Mimi nikauinamisha mwavuli.

Tangu siku hiyo anachimba mbili kila wiki, yake na ile ninayodaiwa mimi tangu mashine ife. Hajamwambia mtu alichokiona, hata binti yake. Juzi mke wangu alitoka kwake akanieleza magoti ya mama yamevimba, amemsihi abaki nyumbani, amekataa, anasema kazi yake haijaisha. Halafu akasema, "Mama amenituma nikukande mkono na maji moto. Ni mkono gani?"

Nikanyoosha wa kulia. Mke wangu akanikanda mkono mzima, pole pole, akiniuliza kama naumia, na mimi naitikia. Nimewahi kuendesha gari kutoka Mombasa bila breki nikafika nikiimba. Siku hiyo nilishindwa kuinua uso.

Nikimwambia mke wangu, nimemfanya mama yake mwongo. Nikijitokeza na jembe, kikundi kitauliza mkono umepona lini na mashine iko wapi, na aibu itaanzia kwake yeye aliyenifunika. Kumwomba msamaha mwenyewe siwezi, nthoni imefunga njia. Na nikinyamaza, ataendelea kuchimba mpaka aanguke.

Wiki ijayo ni zamu ya shamba lake. Nitakaa na mwavuli juu ya shamba la mjane huyo, naye akinichimbia chini yangu. Nyinyi mlio na mama wakwe, niambieni kabla siku haijafika: nitoke nyumbani nimebeba nini?