Mashauri ya Bwana Shauri

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kwenye nyumba ya wazee pale Merrylands, Sydney, alikuwa Mwingereza. Ukutani alikuwa na picha mbili. Kwenye ya kwanza ni kijana, ofisa wa manowari, kavaa sare nyeupe. Kwenye ya pili ni mkuu wa wilaya huko Tanganyika, kakaa mezani na kaptura yake. Wenyeji walimwita Bwana Shauri. Sasa akili ilikuwa imemtoka, Kiingereza kimebaki cha kuombea maji, lakini Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu, na hilo liliniudhi.

Hakuwa akila uji mpaka aletewe shauri. Basi kila asubuhi nilimtungia: mbuzi wamekula mahindi, mume kamfukuza mke. Alisikiliza, akaamua, akasema, "Limekwisha. Lete lingine," ndipo akafungua mdomo. Msimamizi wangu alicheka tu: "Whatever works, love," yaani lolote litakalomfanya ale. Mimi sikucheka. Nilikulia kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi huko Kigoma, nikiamuliwa kila kitu na watu wa mezani kama yeye, na sasa nawalisha kwa kijiko.

Asubuhi moja niliishiwa uongo. Nikamletea la kweli.

"Kuna mama, Bwana. Mtu mzima, yuko kambini peke yake. Binti yake yuko Sydney, anaomba aruhusiwe kumchukua."

"Ana ugonjwa?"

"Figo."

"Abaki huko huko."

Hakufikiri hata kidogo. Ndivyo ilivyosema barua ya uhamiaji iliyokuwa na wiki mbili ndani ya mkoba wangu. Najua ni upumbavu kumchukia mgonjwa, lakini nilimchukia. Nikasogeza kijiko, akafumba mdomo.

"Mama ameambiwa?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Binti yake anaogopa, Bwana."

"Mwambie leo," alisema kwa ukali. "Mtu asiachwe akingoja kitu ambacho hakipo."

Alipomaliza uji nilitoka hadi kwenye maegesho ya magari, nikapiga simu, ingawa kambini ilikuwa usiku wa manane. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea angelia.

"Barua imefika lini?" aliuliza.

Nikamwambia.

"Ungeniambia mapema, mwanangu. Jumapili nimewagawia majirani masufuria yote, na godoro. Sasa nalala chini."