Marehemu Alituandikia: Simamisheni Zege

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mtu tuliyemzika mwezi mmoja kabla aliingia kwenye mkutano wangu.

Siamini mizimu. Nimesomea uhandisi, na kazi yangu ni kuwafundisha wakandarasi kutumia programu ya kuchora majengo mtandaoni. Nalisema hili mapema ili ujue aliyetetemeka siku ile ni mtu wa aina gani.

Programu yenyewe iko hivi. Jengo zima linachorwa kwenye kompyuta, kuanzia msingi hadi bomba la mwisho, kisha linakaa mtandaoni. Mwenye ruhusa analifungua akiwa ofisini au saiti, pale jengo linapojengwa. Akigusa kitu, jina lake linatokea pale pale alipogusa, na wote tunaona.

Mteja wangu tulimwita Mzee Muhuri. Kwake, mchoro usiopigwa muhuri ulikuwa karatasi ya kuwashia jiko. Nilimbembeleza miezi mitatu ndipo akakubali kuijaribu programu kwenye jengo moja la ghorofa nne. Aliyeipenda kwa dhati ni mhandisi wake, tuliyemwita Rula kwa jinsi alivyokuwa mwembamba na mnyoofu.

Rula akafariki ghafla, moyo. Nilikuwepo mazikoni. Nilitupia udongo.

Siku ile nilikwenda ofisini kwa Mzee kumshawishi upya. Kwenye chumba cha mkutano tulikuwa watatu: mimi, yeye, na mchoraji wake, dada mmoja mcheshi. Nikalirusha jengo ukutani kwa projekta.

"Linapendeza," Mzee akasema. "Hata keki ya harusi hupendeza. Muhuri uko wapi?"

Mchoraji akacheka. Nikafungua kinywa kujibu.

Ndipo alama ndogo ya kijani ikawaka ukutani, na kando yake jina: RULA.



Alama ikatembea. Ikashuka ghorofa moja, ikashuka ya pili, ikafika chini kabisa na kusimama kwenye nguzo namba saba. Nguzo ikawa nyekundu.

"Mama yangu wee," mchoraji akanong'ona. Alikuwa amenishika mkono, kucha zake zinaniingia.

"Binti," Mzee akasema taratibu, "unatuchezea? Yule tumemzika kwa mikono yetu."

"Sijagusa kitu, Mzee. Tazama mikono yangu."

Nikaiinua. 

Maneno yakaanza kuandikwa pembeni ya nguzo, herufi moja moja, kama mtu anayezitafuta kwa kidole kimoja.

SIMAMISHENI ZEGE. NGUZO INALIA.

Mzee akaanza kurudi nyuma na kiti chake.

Nakiri, kwa pumzi mbili nilimwogopa marehemu. Kisha nikaogopa jambo baya zaidi. Asubuhi ile saiti walikuwa wanamwaga zege la sakafu ya ghorofa ya pili, na mdogo wangu, kitindamimba wetu, ni fundi nondo pale. Kazi hiyo nilimtafutia mimi.

Nikampigia. Simu ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena. Ikakatika.

"Fungua nguzo namba saba," nikamwambia mchoraji. "Upana?"

"Sentimita arobaini na tano."

"Na kwenye karatasi waliyonayo saiti?"

Akapekua faili. Akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Sema, dada."

"Thelathini." Alikuwa ameishiwa ucheshi wote. "Rula aliinenepesha baada ya matangi ya maji kuongezwa juu. Wiki moja kabla hajafa. Karatasi haikuchapishwa upya."

Ile ya thelathini ilikuwa na muhuri. Ya arobaini na tano haikuwa nao.

Mzee hakungoja nimwambie. Alimpigia fomeni, msimamizi wa mafundi, akaweka sauti ya juu.

"Simamisha zege."

"Mzee, gari la tatu ndiyo kwanza linamwaga! Nani kasema?"

Mzee akautazama ukuta.

"Rula."

Kisha tukamsikia fomeni akipiga kelele kama aliyevamiwa na nyuki: "Shukeni! Shukeni wote! Tokeni huko chini!"

Saiti ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa gari. Tulikimbilia gari la Mzee. Nilimpigia mdogo wangu mara tisa.

Tulimkuta nje ya uzio na wenzake, viganja vimejaa kutu, simu iko ndani ya begi.

"Dada, mbona unalia?"

"Nani analia?" nikasema, nikamshika bega nisimwachie.

Nyuma yake ukasikika mlio mmoja mkavu, kama ubao unaovunjwa kwa goti. Saa yangu ilisema nne na dakika arobaini na moja. Nguzo namba saba ikapiga magoti, na kipande cha sakafu kilichokuwa juu yake kikaja chini na zege lake bichi. Vumbi likatufikia miguuni.

Fomeni akahesabu watu wake. Ishirini na wawili. Akahesabu tena. Ishirini na wawili.

Ndipo mama mmoja wa makamo akatoka kwenye kibanda cha stoo. Alikuwa amebeba tableti ya Rula ndani ya mfuko wa plastiki, kama mtu aliyebeba mayai.

"Niliyeandika ni mimi," akasema. "Marehemu alinifundisha kupima nguzo kila asubuhi na kuandika humu ikiwepo yoyote isiyolingana na picha. Alipofariki, hakuna aliyekuja kuichukua, nikaendelea. Nguzo ya saba haikulingana na picha. Nikamwambia fomeni, akasema kazi yangu ni kuhesabu mifuko ya saruji. Leo nimemwonyesha ufa unaopitisha ukucha, akasema nisimletee uchuro."

Fomeni akatazama viatu vyake.

"Ungetuandikia mapema, mama," Mzee akasema.

"Nimeandika siku kumi na moja, Mzee. Sijui nani alikuwa anasoma."

Akatutazama mmoja mmoja.

Aliyepaswa kusoma ni mimi.

Akaunti zote za majaribio nilizifungua mimi, kwa hiyo kila kilichoandikwa kilileta taarifa kwenye simu yangu. Ya kwanza baada ya mazishi iliniambia: Rula ameandika kwenye nguzo namba saba. Nikafikiri kisomi kabisa. Wafu hawaandiki. Rula amekufa. Kwa hiyo hii ni hitilafu ya mfumo. Nikazima mlio, na sikufungua hata moja.

Wenzangu walidhani ni mzimu, wakaogopa, na woga wao ukaokoa watu ishirini na wawili. Mimi nilidhani ni hitilafu, nikalala usingizi mtamu siku kumi na moja.

Nilisema yote pale pale, mbele yao. Mzee alitikisa kichwa. Mama Stoo alisema, "Basi, mwanangu." Mdogo wangu aliondoa mkono wangu begani mwake, taratibu, akaenda kusimama na mafundi wenzake.

Ameanza kunisalimia tena hivi karibuni.

Kama nawe hujiita mtu wa ushahidi, chukua hili kwangu. Ushahidi hauji na muhuri, wala hauji kwa jina unalolitarajia. Ukiufukuza mlangoni kwa sababu humtambui aliyeuleta, wewe na yule anayekataa karatasi isiyo na muhuri ni baba mmoja, mama mmoja.

Mama Stoo sasa ana akaunti yake, kwa jina lake. Huandika saa moja na robo kila asubuhi. Mimi husoma kabla sijanawa uso.