Sinia Lisilo na Mshindi

Shangazi yangu ana mkahawa wa meza sita nyuma ya kituo cha mabasi, na miguu inayovimba kila jioni. Kwa miaka tisa alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kile kipindi cha televisheni ambacho jamaa mmoja huzunguka miji akipambana na sahani kubwa kubwa. Miji arobaini kapita. Wetu wanauruka kama dimbwi.

"Kwani sisi hatuli?" Shangazi huuliza.

Akabuni sinia lake: wali wa kilo mbili, kuku mzima, maharage, mayai kumi. Anayelimaliza peke yake kwa saa moja halipi, na picha yake inatundikwa ukutani. Msumari ulipigwa siku ya kwanza. Barua za kuwaita watu wa kipindi niliandika mimi, eti mimi ndiye msomi wa ukoo kwa kuwa nachapa vyeti dukani. Kila msimu barua, kila msimu kimya. Nilichoka mapema kuliko yeye, ila nani angemwambia?

Mwaka huu walimtuma mtu, kimyakimya. Alikaa meza ya pembeni Jumamosi akanywa chai. Mshindani alikuwa Kifaru, mpakia mizigo, mtu wa kumaliza sinia lile na kuulizia mkate. Saa ikaanza. Kinyozi akapita mlangoni.

"Karibu," Kifaru akasema, mdomo umejaa.

Kinyozi akanawa. Akaja fundi viatu, karibu. Akaja mama na watoto wawili, karibu. Dakika ishirini sinia jeupe, watu sita wanajilamba vidole, na Shangazi mwenyewe ndiye aliyewaongezea mchuzi. Miaka tisa ilikuwa hivyo hivyo kila Jumamosi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro.

Jumatano simu ikalia. "Mama, chakula chako kitamu. Lakini hapo kwenu hakuna shindano." Halafu wakamwambia kwamba msimu huu wa kipindi ndio wa mwisho.

Shangazi hakulia. Alikaa juu ya gunia la mchele, akavua viatu, akasema, "Nimechoka, mwanangu." Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, na liliniuma.

Jumamosi akafunga mlango nusu, akajipakulia sinia zima, akaweka saa mezani.

"Leo nakula mwenyewe. Asinisemeshe mtu. Msumari ule hautabaki mtupu."

Nikashika simu tayari kwa picha. Alikula bila hamu, kama anayemaliza kibarua, jasho likimtiririka. Alikuwa amefika robo Kifaru alipochungulia, kofia mkononi, amekuja kuomba radhi. Kabla hajafungua kinywa, Shangazi, wali ukiwa shavuni, akasema:

"Karibu."

Akalisikia neno lake mwenyewe, akaacha kutafuna. Aliitazama saa, kisha msumari. Taratibu akasogea kwenye benchi kumwachia nafasi.

"Nawa basi," akamwambia. "Au unangoja barua?"